Mfupa wa kuchapishwa: bidhaa iko sokoni, mguu wa mchimbaji bado unasubiri

Dhahabu ilipovuka dola 4,000 kwa wakia mwezi Oktoba 2025, wafanyabiashara wa Geita na Shinyanga walikuwa na kila sababu ya kuchangamka. Hii ni bidhaa ileile ambayo mwaka 1999 ilishuka hadi karibu dola 250 kwa wakia, na wengi wakadhani siku zake zimekwisha. Bei inapopanda, maduara yaliyoachwa hufukuliwa upya, karasha hunguruma usiku na mchana, na pikipiki zinazobeba mifuko ya mawe kutoka shimoni kwenda mialoni huongezeka barabarani. Lakini ipo gharama moja ambayo hupanda pamoja na bei hiyo na haiandikwi katika daftari la mwenye duara wala la mnunuzi. Gharama hiyo ni mifupa inayovunjika.

Ukurasa huu unaligusa jambo hilo wiki hii kwa sababu katika soko la dunia imeingia bidhaa inayoahidi kuziba mapengo ya mifupa: kiunzi kilichochapishwa kwa mashine, tabaka juu ya tabaka, ambacho mfupa wa mgonjwa hukua ndani yake. Kila bidhaa mpya ya tiba huja na wauzaji wa kweli na wauzaji wa ndoto. Mwenye mtaji mdogo anayeombwa kuweka fedha yake humo, na mwenye duara anayeambiwa kwamba mguu wa kijana wake utapona kwa njia hiyo, wote wawili wanahitaji kujua bidhaa hii imefika wapi na haijafika wapi.

MFUPA NI MTAJI

Habari za migodi midogo zinazofika magazetini ni zile za kufukiwa. Wengi wanakumbuka Nyangalata, wilayani Kahama, mwaka 2015, ambako wachimbaji waliokolewa baada ya kukaa chini ya ardhi siku 41. Wanakumbuka pia Nyarugusu, mkoani Geita, Januari 2017, ambako watu 15 walitolewa wakiwa hai. Mtu aliyeangukiwa na jiwe moja kwenye mguu, au aliyeteleza kwenye kamba na kudondoka mita chache, au dereva wa bodaboda aliyegongwa akiwa na mifuko mitatu ya mawe, hapati kichwa cha habari. Hufungwa mbao, hupakiwa kwenye gari lolote lililopo, na kazi inaendelea.

Kwa hesabu za biashara, mtu huyo ni mtaji uliosimama. Tuchukue mfano wa kubuni, kwa ajili ya hesabu tu. Kijana anapata wastani wa shilingi 15,000 kwa siku kwa siku 26 za mwezi, yaani shilingi 390,000. Mfupa wa muundi uliovunjika vizuri, bila jeraha kubwa, huchukua miezi minne hadi sita kuunga. Akikaa miezi sita, amepoteza shilingi 2,340,000. Ikiwa mfupa umepoteza kipande, au umeingia usaha na kukataa kuunga, miezi sita inaweza kuwa 14. Hapo hasara ni shilingi 5,460,000, kabla ya kuhesabu nauli, dawa, chakula cha ndugu anayemuuguza, na ng'ombe aliyeuzwa kwa bei ya shida. Tofauti ya shilingi 3,120,000 kati ya mivunjiko hiyo miwili ndiyo pesa ambayo kiunzi cha kuchapishwa kinadai kuiokoa. Swali la mfanyabiashara ni je, kinaweza?

KIUNZI HIKI NI NINI

Mfupa ni kitu hai. Ukivunjika, na vipande vyake vikakaa karibu bila kutikisika sana, na damu ikafika, hujiunga wenyewe. Damu huganda mahali pa mvunjiko, kisha hutengenezwa tishu laini, kisha tishu hiyo huingiwa na madini na kuwa ngumu, na mwisho mwili huuchonga mfupa mpya upate umbo la ule wa zamani. Daktari anayefunga P.O.P. au kuweka chuma haungi mfupa. Anashikilia vipande mahali pake ili mwili ufanye kazi hiyo.

Tatizo ni pengo. Jiwe likisaga sentimita tano za muundi, au daktari akilazimika kuondoa kipande kilichooza kwa usaha, ncha mbili zilizobaki haziwezi kuruka pengo hilo. Hapo ndipo panapohitajika kitu cha kupandia. Msomaji aliyewahi kujenga nyumba anajua kazi ya mirunda: fundi hawezi kupanda ukuta hewani. Kiunzi cha mfupa ni mirunda ya namna hiyo. Tofauti ni kwamba fundi akimaliza huiondoa mirunda yake, ila kiunzi hiki hubaki ndani na kuyeyuka polepole huku mfupa mpya ukichukua nafasi yake.

Ili kazi hiyo ifanyike, kiunzi lazima kiwe na vitundu vinavyopitana, vya upana wa takriban theluthi moja hadi nusu ya milimita, ili seli na mishipa midogo ya damu ipite. Ni hapa mashine ya kuchapisha ina faida yake. Kwanza mgonjwa hupigwa picha za CT-Scan. Picha hizo hugeuzwa na kompyuta kuwa umbo kamili la pengo. Kisha printa ya 3D hulitandaza umbo hilo uzi kwa uzi, ikiacha vitundu kwa vipimo vilivyopangwa. Kitu kinachotoka hukaa ndani ya pengo bila daktari kukichonga sana mezani.

Malighafi ziko za aina kuu mbili. Ya kwanza ni kauri ya kalsiamu na fosfeti, jamii ya madini yaleyale yanayoupa mfupa ugumu wake. Huchomwa katika tanuru la zaidi ya nyuzi 1,000, inakuwa ngumu, lakini huvunjika kama chungu. Ya pili ni plastiki inayoyeyuka mwilini, na iliyozoeleka zaidi inaitwa polikaprolaktoni. Hii haivunjiki ovyo, na huchukua miaka miwili mitatu kumalizika mwilini. Wengine huchanganya zote mbili.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1892 daktari Mjerumani aliyeitwa Dreesmann aliandika jinsi alivyojaza mashimo ya mifupa kwa plasta ya jasi, ileile inayotumika kufungia P.O.P. Kilicho kipya ni uwezo wa kupanga umbo na vitundu.

KILICHOKWISHA KUPATA KIBALI

Hapa ndipo mwenye mtaji anapaswa kusoma polepole. Bidhaa ni halali na zinauzwa. Kampuni ya Osteopore ya Singapore ilipata ruhusa ya kuuza viunzi vyake vya polikaprolaktoni nchini Marekani mwaka 2006, na mwaka 2019 iliingiza hisa zake katika soko la Australia. Kampuni ya Cerhum ya Ubelgiji ilipata kibali cha Ulaya mwaka 2022 kwa mfupa wake wa kauri uitwao MyBone. Kampuni ya Dimension Inx ya Chicago ilipata ruhusa ya Marekani mwishoni mwa mwaka 2023 kwa bidhaa yake iitwayo CMFlex.

Ukiangalia vibali hivyo kwa makini utaona jambo moja linaloviunganisha. Vinahusu hasa fuvu, uso na taya. Hizo ni sehemu ambazo hazibebi uzito wa mwili. Mtu hatembelei shavu lake. Muundi wa mchimbaji anayepanda ngazi za miti akiwa na mfuko begani ni habari nyingine.

Viunzi vya kuchapishwa vimewekwa pia katika miguu ya watu, lakini kwa idhini ya mgonjwa mmoja mmoja au katika majaribio. Mfano unaojulikana sana ni wa Brisbane, Australia, mwaka 2017, ambako mgonjwa aliyepoteza sehemu kubwa ya muundi kwa sababu ya maambukizi aliwekewa kiunzi kirefu cha polikaprolaktoni kilichobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Queensland. Hata hapo, chuma kilibaki ndani kubeba uzito, na tiba ilihitaji upasuaji zaidi ya mmoja. Kiunzi peke yake hakisimamishi mtu.

Barani Afrika, habari iliyovuma zaidi ni ya Pretoria, Machi 2019, ambako timu ya Profesa Mashudu Tshifularo iliweka mifupa midogo ya sikio la kati iliyochapishwa. Hiyo ilikuwa ya madini ya titani, ambayo hukaa mwilini milele kama chuma. Haigeuki kuwa mfupa. Mfanyabiashara asichanganye bidhaa hizi mbili, maana wauzaji huziweka katika kapu moja.

HALI HALISI YA KANDA

Mgonjwa wa Rwamgasa, Nyarugusu au Mwakitolyo haanzii kwenye printa. Anaanzia zahanati, anapelekwa hospitali ya wilaya au ya mkoa, na mvunjiko ukiwa mgumu hupelekwa Hospitali ya Rufaa Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971. Wachache hufika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Wengine, kwa kukosa fedha au kwa kuogopa kukatwa mguu, hurudi kijijini kwa mganga wa kuunga mifupa. Mganga huyo anaweza kusaidia mfupa uliovunjika bila jeraha. Mfupa uliotoboa ngozi hauwezi, na kila siku inayopita usaha unachimba duara lake ndani.

Kwa miaka mingi, mgonjwa aliyetoka Geita kwenda Bugando alilazimika kusubiri kivuko cha Busisi, awe anatoka damu au la. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu, lilifunguliwa Juni 2025, na safari ya kuvuka ghuba hiyo sasa ni ya dakika chache. Huenda hakuna mashine yoyote ya kuchapisha itakayookoa miundi mingi ya Geita kuliko daraja hilo. Sababu ni ya kitabibu. Mvunjiko wa wazi unahitaji dawa ya kuua vijidudu haraka, ndani ya saa za mwanzo, na kuoshwa vizuri chumba cha upasuaji. Likifanyika hilo mapema, mara nyingi pengo halitokei kabisa. Likichelewa, daktari hulazimika kukata mfupa uliokufa, na hapo ndipo pengo linapozaliwa.

Na pengo likishatokea, tiba zipo hata bila printa. Daktari huchota chembe za mfupa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe na kuzijaza. Hadi leo hicho ndicho kipimo ambacho bidhaa zote mpya hulinganishwa nacho, kwa kuwa ni mfupa hai na haununuliwi. Kasoro yake ni kwamba nyonga haina mfupa wa kutosha kwa pengo kubwa, na kidonda cha pili huuma.

Ipo njia ya daktari Mfaransa Masquelet, iliyoanza mwaka 1986. Pengo hujazwa saruji ya kitabibu kwa wiki sita hadi nane, mwili hujenga utando kuizunguka, kisha saruji hutolewa na chembe za mfupa huwekwa ndani ya utando huo. Ipo pia njia ya Ilizarov, daktari aliyefanya kazi mji wa Kurgan, Siberia, tangu miaka ya 1950. Mguu hufungwa pete za chuma kwa nje, jamii ya vile vyuma ambavyo watu wetu huviita antena, na kipande cha mfupa husogezwa milimita moja kwa siku. Pengo la sentimita sita ni siku 60 za kusogeza, na miezi mingine ya kukomaza.

Kiunzi cha kuchapishwa, kwa mguu, kinakuja kuongezea nguvu njia hizi: kupunguza mfupa unaochotwa nyongani na kuushikilia usambae pengo lote. Hakiji kuziondoa. Daktari asiyeweza kufanya hizo za mwanzo hataweza kuitumia hii ya mwisho.

USHINDANI NA BIDHAA YA BURE

Kuna jambo lingine ambalo muagizaji wa vifaa tiba lazima alipime. Shirika la SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle mjini Richland, jimbo la Washington, Marekani, hutengeneza msumari wa chuma cha pua unaopitishwa ndani ya uvungu wa fupa la paja au muundi. Umebuniwa ili daktari aufunge kwa skrubu bila kutegemea mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Hospitali za nchi zenye kipato kidogo hupewa msumari huo bila kulipa, na hutakiwa kutuma taarifa na picha za wagonjwa ili zipewe mingine. MOI ni miongoni mwa zilizofaidika nao.

Msumari huo umefanikiwa kwa sababu ulibuniwa kufuata chumba cha upasuaji kilivyo, na si kile kilichomo katika vitabu vya matangazo. Kiunzi cha kuchapishwa bado kinadai mambo mengi: CT-Scan inayofanya kazi, mtaalamu wa kuchora umbo, mtandao wa kupeleka picha, na usafirishaji wa uhakika. Halafu kuna suala la kuua vijidudu. Polikaprolaktoni hulainika kwenye joto la nyuzi 60 hivi. Hospitali nyingi zetu husafisha vyombo kwa mvuke wa nyuzi 121 au zaidi. Kiunzi kikiingizwa humo kitatoka kama mshumaa ulioachwa juani. Kinahitaji gesi maalumu au mionzi, kufungwa vizuri, na kuhifadhiwa mbali na joto. Kontena lililofungwa na kuachwa kwenye jua la Shinyanga kwa siku tatu si ghala la bidhaa kama hii.

JE, MALIGHAFI YETU?

Wapo watakaosema: mfupa ni kalsiamu na fosfeti, nasi tunavyo vyote. Ni kweli. Fosfeti ya Minjingu inachimbwa mkoani Manyara na kuuzwa kama mbolea. Jasi inachimbwa Makanya na Itigi. Shinyanga ina ng'ombe, na mifupa ya ng'ombe hutupwa au huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Ziwa Victoria lina mifupa ya sangara. Na ni kweli pia kwamba kampuni ya Geistlich ya Uswisi huuza duniani kote unga wa mfupa wa ng'ombe uitwao Bio-Oss, unaotumiwa na madaktari wa meno kujaza mapengo ya taya.

Msomaji wa kanda ya dhahabu ndiye anayeweza kuelewa kwa haraka kwa nini jambo hili si rahisi. Mawe yana dhahabu, lakini hakuna anayelipa bei ya dhahabu kwa mfuko wa mawe. Tangu soko la madini la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, muuzaji anajua kwamba bei hutoka kwenye kipimo cha usafi na karatasi zinazoambatana nacho. Unga wa mfupa ni vivyo hivyo. Thamani yake iko katika uthibitisho kwamba mnyama alikuwa mzima na anajulikana alikotoka, kwamba hakuna protini wala madini ya sumu yaliyobaki, na kwamba kila kundi la uzalishaji linafanana na lililopita. Katika eneo ambalo zebaki hutumika mialoni, suala la madini ya sumu si la kinadharia. Maabara, vipimo vya wanyama, majaribio kwa binadamu na miaka ya kusubiri ndiyo gharama. Unga wenyewe ni sehemu ndogo ya gharama hiyo.

Kwa hiyo mtu akikuuzia hisa za kiwanda cha unga wa mfupa kwa hoja kwamba malighafi ni ya bure, amekuonyesha kifusi. Mwombe akuonyeshe dhahabu.

NAFASI ZA MTAJI MDOGO

Je, hakuna cha kufanya? Kipo, na kiko karibu zaidi kuliko kiunzi chenyewe.

La kwanza ni uchapishaji wa vitu visivyoingia mwilini. Tangu mwaka 2015 hospitali ya CoRSU, Kisubi nchini Uganda, imeshiriki majaribio ya kupima mguu uliokatwa kwa mashine na kuchapisha kikombe cha mguu bandia, kazi ambayo kwa plasta huchukua siku kadhaa. Hospitali inaweza pia kuagiza nakala ya plastiki ya mfupa wa mgonjwa kutokana na CT-Scan, ili daktari aikunjie vyuma mezani kabla ya kumfungua mtu. Printa ya kazi hiyo haihitaji mtaji wa kiwanda, bei za mashine hizo zilishuka sana baada ya hataza kuu ya teknolojia ya uzi wa plastiki kuisha mwaka 2009, na vijana wenye ujuzi wa kompyuta wapo. Soko lake ni dogo, lakini linafundisha hospitali na fundi kufanya kazi pamoja. Siku kiunzi cha kweli kikifika, watakaokipokea ni hao.

La pili ni saa za mwanzo. Gari la kubeba majeruhi linaloendeshwa kwa ushirika wa maduara kadhaa, machela, mbao za kufungia zilizotayarishwa, na vijana wawili kila shimo waliofundishwa huduma ya kwanza. Ni biashara ya huduma, yenye wateja wanaojulikana, na ndiyo inayozuia pengo lisitokee.

La tatu ni fedha yenyewe. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kukusanya michango Julai 2015, umejengwa juu ya mshahara: mwajiri huchangia kwa kufuata malipo ya watu wake. Kijana wa duara hulipwa kwa mgawo wa mifuko ya mawe. Hana karatasi ya mshahara, na mara nyingi hana mkataba. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inalenga kumfikia mtu kama huyo, lakini bima ya matibabu hailipi miezi 14 ya kukaa bila kazi. Mgawo wa duara tayari una fungu la mwenye leseni, fungu la mwenye duara na fungu la wachimbaji. Hakuna kinachozuia kuongeza fungu la mguu: mfuko mmoja wa mawe kila baada ya mgawo, unaouzwa kwa pamoja na fedha kuwekwa benki kwa jina la kikundi. Wenye maduara watasema ni hasara. Wajumlishe walichowahi kutoa kwa michango ya dharura, usiku, bila risiti, kisha walinganishe.

MASWALI YA KUMUULIZA MUUZAJI

Mwenye mtaji atakayefuatwa na mtu anayeuza viunzi, hisa za kampuni ya viunzi, au uwakala wake, asitoe fedha kabla ya kupata majibu ya maandishi kwa maswali haya:

1. Bidhaa imesajiliwa au kuruhusiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA)? Mamlaka hiyo hadi mwaka 2019 iliitwa TFDA, na karatasi yenye jina la zamani iangaliwe tarehe yake.

2. Kibali cha nje kinahusu mfupa gani? Kibali cha taya hakiwi kibali cha muundi kwa kubadilishiwa lebo.

3. Inasafishwa vijidudu wapi, kwa njia gani, na inadumu muda gani kwenye boksi kwa joto la kawaida la hapa?

4. Chuma cha kubeba uzito kinatoka wapi, na nani anakilipia? Bei ya kiunzi bila chuma ni bei ya nusu ya kazi.

5. Daktari gani ataiweka, katika hospitali ipi, na mgonjwa akipata usaha baada ya miezi mitatu, nani anabeba gharama ya kuitoa?

Swali la tano ndilo linalowashinda wengi. Bidhaa inayoingia mwilini haiuzwi kama simenti, ambayo ikishashushwa kwenye ghala la mteja biashara imekwisha. Inamfuata muuzaji kwa miaka.

MWELEKEO WA SOKO

Kwa hali ilivyo, viunzi vya kuchapishwa vitaendelea kukua katika nchi tajiri, vikianzia usoni na kwenye fuvu, na kusogea polepole kuelekea mifupa inayobeba uzito kadiri matokeo ya majaribio yatakavyotoka. Hapa kwetu hatua ya kwanza ya halali itapitia hospitali kubwa za kufundishia, kwa utafiti, na si kupitia duka la vifaa. Mwekezaji mdogo anayetaka kuwahi ajifunze picha na kompyuta za kitabibu sasa, na ahifadhi fedha zake za viunzi mpaka TMDA na madaktari wa mifupa wazungumze.

Kwa mwenye duara, ushauri ni wa wiki hii hii. Bei ya dhahabu haiko mikononi mwake, na printa iko mbali. Kilicho karibu ni gari la majeruhi, namba ya simu ya hospitali ya mkoa iliyobandikwa kwenye banda, na fungu la mguu katika mgawo ujao. Mfupa uliowahiwa katika saa za mwanzo mara nyingi hauhitaji kiunzi cha mtu yeyote.